Daraja Lililolilia Jina

Nchi hiyo ilikuwepo, na bado ipo, ila ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani imepelekwa kufanyiwa marekebisho. Ni nchi ya amani. Watu wake wanalijua hilo kwa sababu wanaambiwa kila asubuhi redioni, kabla ya bei ya mahindi.

Kiongozi wao aliitwa Mtukufu Mlezi, na jina lake lilikuwa kubwa kiasi cha kutosha kila kitu. Uwanja wa ndege ulikuwa wake, uwanja wa mpira ulikuwa wake, na hospitali, na stendi, na soko la mitumba. Shule aliyofukuzwa akiwa darasa la tano iliitwa Chuo cha Hekima cha Mtukufu Mlezi. Kulikuwa na maharage ya Mtukufu Mlezi, ambayo hayakuwa na haraka ya kuiva. Hata mvua za vuli zilipewa jina lake, na mwaka zilipokosa kunyesha, mkuu wa hali ya hewa alikamatwa kwa kosa la kumzuia Mtukufu njiani.

Kwa hiyo madaraja mawili yalipokamilika juu ya Mto Murimbi, yamelala sambamba kama watoto kwenye mkeka mmoja, la juu, upande mto unakotoka, la kutokea mjini, na la chini la kwendea, hakuna aliyejiuliza yataitwaje. Mafundi wa mabango walikwisha kuchora herufi na kwenda kunywa chai.

Ndipo redio ikatangaza.

Wakati huo Eufrasia alikuwa amekaa kibarazani kwake, karibu na mto, akipepeta mchele. Alikuwa mjane, mtu wa jumuiya na rozari, na redio aliifungulia matangazo ya vifo tu, ili awaombee marehemu kwa majina yao. Hakuwa mwepesi wa kusema. Kwanza alitazama, kisha alitazama tena, na akisema mara nyingi ilikuwa kumwambia Mungu.

"Mtukufu Mlezi," redio ilisema, "baada ya kusihiwa sana, amekubali daraja la juu liitwe kwa jina lake. Daraja la chini, kwa unyenyekevu wake mkubwa, amelikataa."

Ungo ulisimama mikononi mwa Eufrasia. Unyenyekevu? Mtu aliyechukua mvua, leo anakataa zege?

"Wifi, umesikia?" alimwita Anunsiata, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa uani akimenya ndizi.

"Nimesikia. Labda uzee umeanza kumkumbusha Mungu."

"Anayemkumbuka Mungu huanza kwa kurudisha, wifi. Haanzi kwa kukataa."

"Basi mwachie mwenyewe. Wewe nawe, hata mtu akipiga chafya unamuuliza kwa nini."

Eufrasia aliurudia ungo wake. Alikuwa amemkumbuka Polikarpo, mumewe, aliyefanya kibarua cha kuchanganya zege kwenye daraja hilo la chini. Alikuwa akirudi jioni, ananawa miguu, kisha anasema: "Mke wangu, leo tena tumechanganya mchanga na sala." Akiulizwa saruji iko wapi, hujibu, "Saruji ilipita kutusalimia. Ilikuwa na safari zake." Polikarpo alikufa kwa homa kabla kazi haijaisha. Kwa hilo Eufrasia hakumsingizia mtu. Polikarpo hakumwachia shamba wala ng'ombe. Alimwachia jina ambalo, ukilitaja dukani, unakopeshwa sukari bila kuulizwa.

*

Haikuchukua siku nyingi daraja la chini likaanza kulia. Lori likipita, lilitoa sauti kama ya mlango wa kanisa la zamani, ndefu, inayopanda na kushuka. La juu lilikuwa kimya. Watu waliokuwa wakienda sokoni walianza kuvua viatu ili wapite polepole, kama watu wanaopita mbele ya mgonjwa.

Serikali haikulala. Iliunda Tume ya Kutafuta Jina, chini ya Waziri wa Majina na Mabango, Mheshimiwa Daktari Sostenes Kibwiko, mtu mnene mwenye sauti ya harusi. Wananchi waliitwa kando ya mto, maturubai yakafungwa, soda zikaletwa.

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa Kibwiko. "Wapo wasioitakia mema nchi yetu wanaosema daraja linalia kwa sababu lina ufa. Hao wamesahau mila! Wazee wetu walijua kwamba mtoto akizaliwa akalia mchana na usiku, halii tumbo, halii njaa. Analilia jina! Basi huitwa majina ya mababu, moja baada ya jingine, na likitajwa lililo lake, mtoto hunyamaza. Ndugu zangu, daraja hili ni mtoto wetu, na mtoto wetu anataka jina!"

Makofi yakapigwa. Mhandisi mmoja kijana alinyoosha mkono, akaambiwa aushushe kwa kuwa hiyo ilikuwa shughuli ya utamaduni.

Lakini Anunsiata hanyooshi mkono. "Mheshimiwa!" alipaza sauti kutoka kwa kina mama. "Kwetu mtoto akilia, kabla ya kuitiwa mababu anavuliwa nguo kwanza, atazamwe kama hajaingiwa na siafu!"

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa Kibwiko naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. "Mama yule apewe soda," alisema, na Anunsiata akapewa soda, na askari wa kumwangalia akiinywa mpaka mwisho.

Majaribio yakaanza. Ilihitajika lori lipite huku jina likitajwa, nalo likatafutiwa dereva, mfungwa wa kifungo cha maisha aliyeahidiwa msamaha. Alipofika akaliona daraja, aliomba arudishwe gerezani. Ikabidi lori lisukumwe kutoka kingoni, lipite lenyewe likiwa halina mtu.

Likatajwa jina la Mama wa Taifa. Daraja likalia. Hata hivyo Mama wa Taifa alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba hastahili. Likatajwa la Spika, naye akasema amestaafu kuitwa. Jenerali, aliyewahi kuwagombanisha watu wa tarafa nzima ili choo cha stendi kipewe jina lake, alisafiri siku hiyo hiyo kwenda kutibiwa meno nchi za mbali. Mawaziri walishikwa na unyenyekevu mmoja baada ya mwingine, kama watu wa nyumba moja wanavyoshikwa na surua. Balozi wa nchi rafiki aliposikia daraja litaitwa Urafiki, aliomba urafiki ubaki moyoni.

"Basi tuliite Umoja," alisema mjumbe mmoja wa Tume.

"Na magazeti yakiandika kwamba Umoja umeanguka?" aliuliza Katibu wa Chama.

"Tuliite Haki."

"Haki ina ufa. Hapana."

"Maendeleo?"

"Maendeleo yamefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Umetumwa na nani wewe?"

Mjumbe yule akaketi, na hakusema tena mpaka soda zilipokwisha.

Eufrasia alikuwa amesimama nyuma, khanga kichwani, akitazama. Hakuwa akiutazama mdomo wa Waziri. Alikuwa akitazama magari. Msafara ulikuwa umekuja kwa daraja la juu, kama ilivyo sheria. Ulipoondoka, king'ora kikalia, askari wakawasimamisha watu wote, na msafara ukarudi kwa daraja lile lile la juu, kinyume cha njia, wa kwanza mpaka wa mwisho. Hata mbuzi wa kitoweo cha Tume alivutwa kwa kamba kupitia la juu.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema Eufrasia polepole. "Hata mbuzi."

*

Wiki iliyofuata walibisha hodi kwake. Mbele alikuwa Balozi Ludoviko, kiongozi wa nyumba kumi, ambaye alicheza bao na Polikarpo miaka yote na kumwita Eufrasia shemeji. Nyuma yake Mheshimiwa Kibwiko mwenyewe, na nyuma ya Mheshimiwa mtu aliyebeba mfuko wa sukari na kitenge. Kiti kizuri kilikuwa kimoja. Mheshimiwa alikikalia, nacho kikalia kidogo, na Anunsiata akasema, "Na hicho nacho kitafutieni jina."

"Wifi," alimkanya Eufrasia.

"Mama," alianza Mheshimiwa, "taifa limezunguka likimtafuta mtu wa kumpa heshima kubwa. Mtu safi. Mnyonge, mchapakazi, asiye na makuu, na ambaye..." Alilitafuta neno. "Ambaye ametulia. Taifa limempata marehemu Polikarpo."

Eufrasia aliutazama ule mfuko wa sukari. Chema chajiuza, alijiambia, kibaya chajitembeza. Na hiki kimetembea mpaka sebuleni kwangu, kimebeba sukari.

"Mheshimiwa, wakubwa wote hao wamekwisha?"

"Hii ni zamu ya mnyonge, mama. Alichanganya zege lile kwa mikono yake. Daraja ni lake!"

"Na likipata neno baadaye, Mungu apishe mbali, atatajwa nani?"

"Atatajwa marehemu. Vitabu vitamtaja, magazeti yatamtaja."

"Kwa wema?"

"Kwa herufi kubwa," alisema Mheshimiwa Kibwiko.

Balozi Ludoviko alikuwa akiutazama mkeka.

"Nitasali kwanza," alisema Eufrasia.

"Sali, mama. Nchi yetu haimzuii mtu kusali. Ila jina linahitaji ridhaa ya ndugu, mila ndivyo inavyotaka, na sisi tunaheshimu mila. Usisali sana."

Asubuhi yake ukuta wa nyumba ya Eufrasia ulikuwa na alama ya X, nyekundu, kubwa, ya kubomolewa, na rangi ilikuwa bado inachuruzika. Nyumba za kulia na kushoto hazikuwa nayo. Balozi Ludoviko alipita mapema, kofia mkononi.

"Shemeji, usiogope. Huo ni utaratibu tu. Ukilikubali jina, hiyo rangi itajifuta."

"Ludoviko, wewe ulikula kwangu. Niambie. Hilo daraja ulishalivuka tangu lianze kulia?"

"Mimi?" Balozi aliigeuza kofia upande wa pili. "Mimi, shemeji, magoti yananisumbua."

Alipoondoka, Anunsiata alilia kwa hasira. "Kubali, wifi! Kaka yangu amekwisha kufa, hasikii. Sisi tutalala wapi? Jina litatufunika mvua?"

"Hasikii," alisema Eufrasia. "Lakini siku likianguka na watu wa Mungu juu yake, kila mama atakayelia atalia akimtaja yeye. Watasema Polikarpo kaua. Wale waliokula saruji watakuja na shada la maua. Na mimi nitapita wapi na jina hilo, wifi? Nitaombaje misa?"

Akachukua rozari, akakaa mbele ya ule ukuta wenye X. Hakupata maono. Alichopata, alipofika fumbo la nne, ni njaa, na njaa ikamkumbusha chakula cha jina. Kwao, mtoto akipewa jina la marehemu, hupikwa ugali wa mtama na kuku, na wote waliolitoa jina hukaa na mtoto, humpakata kwa zamu, na kula hapo hapo alipo. Asiyempakata, jina alilotoa halimshiki. Hakuna mzee asiyelijua hilo.

Akaubusu msalaba wa rozari yake na kumtuma wifi yake kwa Balozi. "Kawaambie nimekubali. Ila mila itimizwe yote. Wasiikate nusu."

*

Siku ya shughuli watu walijaa kingo zote mbili. Bendi ya polisi ilipiga. Bango kubwa lilifunikwa kitambaa cheupe. Mheshimiwa Kibwiko alihutubia akiwa amesimama kwenye lami ya barabara, mahali ambapo daraja lilikuwa halijaanza, na ukitazama viatu vyake ungeona alikuwa ameupima mpaka ule vizuri sana.

"Na sasa," alimalizia, "kwa ridhaa ya mjane, na kwa kuheshimu mila..."

"Mheshimiwa, chakula," alisema Eufrasia.

Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kichwani alikuwa na sufuria lenye mfuniko, kwapani mkeka. Kabla mtu hajamuuliza, aliingia darajani peke yake, akawakataza kwa mkono wanawake waliotaka kumsaidia. Alikuwa mwembamba, uzito wake haukuzidi sana wa yule kuku aliyempika, na bado alikanyaga kama mtu anayepita juu ya mayai, akisema Salamu Maria kwa midomo tu. Akatandika mkeka mbali kidogo na ukingo, akaweka sufuria katikati, akarudi kama alivyokwenda. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

"Karibuni, waheshimiwa. Wenye kutoa jina hutangulia."

Bendi ilinyamaza yenyewe.

"Ahaa," alisema Mheshimiwa Kibwiko. "Kule?"

"Kule kwa mtoto."

Mheshimiwa alimtazama Mwenyekiti wa Tume. Mwenyekiti wa Tume alisema amefunga, kwa ajili ya taifa. Mkuu wa Barabara alieleza kwamba yeye ni mtaalamu, na mtaalamu akionekana anakula juu ya daraja watu watasema analipendelea. Katibu wa Chama aligundua kwamba simu yake inaita, akaenda kuipokea mbali, nyuma ya magari.

"Mimi ningekwenda," alisema Mheshimiwa Kibwiko, "ningekwenda kwa furaha, ila nina presha, na daktari amenikataza sehemu zenye upepo. Mama, kwa nini tusile hapa hapa kwenye turubai? Daraja litapata harufu."

"Mheshimiwa, ni wewe uliyetufundisha kwamba ni mtoto. Mtoto hapewi jina kwa harufu. Anapakatwa."

"Mpakateni!" ilipasuka sauti moja kutoka ng'ambo.

"Mpakateni!" alidakia Anunsiata, ambaye siku hiyo alikuwa hajapewa soda.

"Mpakateni! Mpakateni!" Kingo zote mbili zilishika, watu wakipiga makofi kwa mapigo, wanawake wakipiga vigelegele, na hata mpiga ngoma wa bendi ya polisi alijisahau akaanza kufuatisha, mpaka mkuu wake alipomtolea macho.

Kisha daraja likalia.

Juu yake hakukuwa na lori, wala baiskeli. Kulikuwa na mkeka na sufuria la kuku mmoja. Lililia muda mrefu kuliko siku zote, na lilipoacha, kipande cha zege, ukubwa wa tofali, kilidondoka mtoni. Watu walimtazama Waziri. Waziri alikuwa amekwisha kurudi nyuma, na alirudi mbali kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale.

"Shughuli imeahirishwa," alisema, akiwa na mguu mmoja ndani ya gari, "kupisha utafiti wa kiutamaduni."

Msafara ukaondoka kwa daraja la juu. Bango likaachwa na kitambaa chake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyelikanyaga daraja la chini. Hakuna amri iliyotolewa. Watu walianza tu kwenda na kurudi kwa la juu, wakisukumana na ng'ombe na mikokoteni na misafara, madereva wakitukaniana mama zao, lakini wote wakafika. Na adhuhuri moja, wakati kengele ya sala ya Malaika wa Bwana inapigwa kanisani, daraja la chini lilipiga magoti, likaingia mtoni lote na mkeka na sufuria. Eufrasia alilisikia kutoka kibarazani. Aliinuka, akatoka mbio mpaka kingoni, akatazama juu ya maji na chini ya maji. Alipohakikisha hakuna mtu, alikaa chini kwenye nyasi akalia kama siku ya mazishi.

Redio ilifafanua jioni. "Serikali inapenda kuwatoa hofu wananchi. Hakuna daraja lililoanguka. Tume imepitia orodha ya madaraja yote kwa majina na haikukuta hata moja lililopungua. Wanaokumbuka kwamba yalikuwa mawili wanashauriwa kufika Kliniki ya Macho ya Mtukufu Mlezi."

Na kwa kuwa hakuna daraja lililoanguka, hakukuwa na sababu ya kumsumbua mjane. X ilibaki ukutani mpaka masika, ikafifia. Duka la sukari liliendelea kukopesha kwa jina la Polikarpo.

*

Mwaka ukageuka. Daraja la juu lilibeba mizigo ya madaraja mawili, na lilikuwa kimya.

Siku moja ya gulio, Eufrasia alikuwa amekwisha kufunga matenga yake, na wanawake wenzake wakimsubiri barabarani, Anunsiata mbele yao na ndizi kichwani. Redio ilikuwa inamalizia matangazo ya vifo. Eufrasia alinyoosha mkono kuizima.

"Na sasa habari njema," ilisema redio. "Mtukufu Mlezi, kwa unyenyekevu wake mkubwa, ameamua kuliondoa jina lake kwenye daraja la Mto Murimbi, na kuanzia leo daraja hilo ni zawadi yake kwa wananchi. Litaitwa Daraja la Wananchi."

Nje wanawake walipiga vigelegele. Anunsiata alianza kucheza na ndizi zake kichwani. "Umesikia, wifi? Si ulisema anayemkumbuka Mungu huanza kwa kurudisha? Haya, amerudisha!"

Eufrasia alitoka. Hakuyabeba matenga. Alitembea haraka mpaka mbele ya wenzake, mpaka pale barabara inapokutana na daraja, akavua khanga mabegani, akaishika ncha moja na kumkabidhi wifi yake, aliyemfuata, ncha ya pili, wakawa wameifunga njia. Punda wa kwanza akasimama. Nyuma yake lori likasimama, na dereva akachungulia.

"Mama, vipi? Kwani limelia?"

"Halijalia, mwanangu."

"Sasa?"

Eufrasia alilitazama lile daraja refu, jeupe, lililonyamaza kimya juani.

"Huyu hajarudisha," alisema. "Huyu amekimbia. Geuza gari."